Karatasi yangu, pori lake

Koti langu la kwanza la kuwindia lilikuwa la buluu iliyokoza. Nililipata kwenye mitumba, pale sokoni Tabora, na nililipenda kwa sababu lilikuwa na mifuko mingi. Nilishaona mtandaoni picha za wawindaji wa ng'ambo, wote wana mifuko mingi. Wao walivaa mabaka, lakini mabaka kwetu ni kesi: raia akionekana na nguo inayofanana na sare ya jeshi atajieleza kituoni mpaka ajute. Nikaona buluu itafaa, haing'ai na haichafuki upesi.

Mzee alinitazama nikishuka kwenye pikipiki. Akalitazama koti, akacheka mpaka akashika magoti.

"Mhasibu," akasema, "umewavalia mbung'o."

Sikumwelewa mpaka saa nne asubuhi. Mbung'o ana macho yake na ana mapenzi yake, na anachokipenda kuliko vyote ni buluu na nyeusi, hasa kikiwa kinatembea. Ndiyo maana mitego ya wataalamu wa mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mimi nilikuwa mtego wenye miguu miwili. Waliniuma mgongoni kupitia kitambaa, waliniuma shingoni, mmoja aliniuma kwenye kope. Mzee mwenyewe, ndani ya shati la kaki lililofifia hadi kufanana na vumbi, alitembea kama vile hawakuwepo. Nilipochoka nikalivua koti nikalifunga kiunoni. Wakahamia kiunoni.

Nina miaka 43. Nimezaliwa Tabora mjini, nimesoma hapahapa, na kazi yangu ni ya kukaa: vocha, risiti, mizania. Kwa mtu anayejiita Mnyamwezi ni aibu kidogo kusema hivi, lakini pori nililijua kwa dirisha la basi. Mara moja kwa mwaka, tukienda Urambo msibani au harusini, niliona miti inapita. Miti tu. Sikujua kwamba huo ulikuwa mtundu na ule mninga, na sikujua kwamba kuna watu ambao msitu huohuo wanausoma kama mimi ninavyosoma daftari la mapato.

Aliyeniachia jambo hili ni marehemu baba. Alikuwa bwana shamba wa tumbaku, akiishi nusu ya maisha yake kwenye vijiji vya wakulima, na alikuwa na bunduki ya marisawa yenye mitutu miwili. Siku za utoto wangu alirudi nyumbani Jumamosi na kanga wawili watatu, mama akalalamika kuhusu manyoya, nasi tukala. Hakuwahi kunichukua. "Soma kwanza," alisema, na nikasoma moja kwa moja hadi akafa. Bunduki ikaenda polisi, kama sheria inavyotaka mmiliki akifariki, na ndugu wakauliza nani anaitaka. Kimya. Ndipo nikasikia sauti yangu ikisema: mimi.

Mama watoto aliniangalia kwa jicho ambalo watu waliooa wanalijua.

Kuna sheria mbili utakazozijua kabla hujaujua mti hata mmoja. Ya kwanza ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hiyo ndiyo itakayokufikisha kwa mwenyekiti wa mtaa, ikupeleke kwenye kamati za usalama, ichukue alama za vidole vyako vyote, na kuuliza majirani kama huwa unampiga mkeo. Kwangu safari hiyo ilichukua miezi 11, mitatu kati yake kwa sababu faili langu, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, lilikuwa limewekwa chini ya birika la chai. Nililiona kwa macho yangu, na duara la chai lipo juu ya jina la baba mpaka leo.

Ya pili ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Ukitaka kuwinda kama mkazi unaomba leseni, nayo inakutajia mnyama gani, wangapi, eneo gani, kuanzia lini mpaka lini. Nje ya hapo wewe ni jangili kama majangili wengine, hata ukiwa na tai shingoni. Huruhusiwi kupiga ukiwa ndani ya gari, wala usiku kwa kurunzi, wala kutega waya, wala kuweka sumu. Twiga usimguse hata ndotoni, ni alama ya taifa. Na ramani nayo inabadilika: Ugalla, ambayo watu wa rika la baba waliijua kama pori la akiba, tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na humo hata kanga ni wa kutazama tu. Mpya mwenzangu, kabla ya kununua koti, ulizia mipaka. Tabora watu wanajua neno moja la kisheria kuliko yote, nalo ni "nyara za Serikali." Kipande cha nyama kavu kwenye kikapu, bila karatasi, ni nyara za Serikali, na watu wamefungwa miaka mingi kwa kikapu.

Leseni yangu ya kwanza ilikuwa na ndege tu: kanga 10 na kwale 10. Niliiweka kwenye mfuko wa nailoni, nikaiona nzuri kama cheti cha shule. Kisha nikagundua kwamba sijui kanga wanalala wapi.

Hapo ndipo mzee anapoingia. Nilimfahamu kwa asali. Kila mwaka baada ya mavuno huja mjini na madumu, nami ni mteja wake wa siku nyingi. Nilipomwambia nimepata leseni ya kuwinda, aliuliza jambo moja: "Na nani atakupeleka?" Nikasema nitaenda na rafiki zangu wa ofisini. Akafunika dumu lake taratibu. "Basi mtarudi na uyoga," akasema.

Alikuwa amewinda tangu ujana kwa gobore. Sijui kama vijana wa siku hizi wanalijua gobore. Ni bomba la chuma, kitako cha mti kilichochongwa na fundi wa kijijini, baruti inashindiliwa kwa mbele, kisha vipande vya nondo, kisha unamwomba Mungu lisilipukie usoni kwako. Hakuwahi kuwa na leseni, wala hakuona ya kazi gani. Babu yake hakuwa nayo. Alikuja kulisalimisha katika kipindi kimoja cha msamaha wa silaha, akalipeleka mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji, limeviringishwa kwenye kanga ya mkewe. Kanga nguo, si ndege. Tangu siku ile, akaniambia, hakula nyama ya pori. Mizinga ya nyuki ndiyo pori lake.

Tukakubaliana shilingi 15,000 kwa siku, chakula juu yangu. Angetembea, angeonyesha, lakini bunduki asingeigusa, kwa sababu kibali cha silaha ni cha mtu mmoja na hakiazimwi. Aliposikia hilo alitikisa kichwa tu. Nililipita haraka, kama mtu anayepita karibu na mlango uliofunguliwa wa bafu.

Tulikuwa watatu: mimi, yeye, na askari wa wanyamapori, kijana wa Kasulu, Mha mcheshi, aliyekuja kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kinachofanyika. Julai ni kipupwe huku kwetu. Asubuhi baridi kavu inakuuma masikio, nyasi zimelala, na sehemu zilizoungua zimebaki na majivu. Mfukoni tulikuwa na karanga na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Saa moja ya kwanza mzee alisimama ghafla, akanizunguka akaja nyuma yangu, bila neno. Nikageuka. Akanizunguka tena.

"Mtutu una macho," alisema hatimaye. "Tangu tuanze unaniangalia mgongoni."

Niliomba radhi. Kuanzia hapo nilibeba bunduki ikiwa imekunjwa, mitutu ikitazama ardhi, risasi mfukoni, na nadhani hilo ndilo somo pekee nililolielewa mara moja.

Mengine yaliingia polepole, kwa sababu mtu mzima ana ugonjwa wa kutaka kujua jibu kabla ya swali. Nilikuwa nauliza: "Hii ni nyayo ya nini?" Yeye haniambii. Ananiambia niiname. Nyayo ya asubuhi hii kingo zake ni kali, kama umekata ugali kwa uzi. Ya jana kingo zimelegea, upepo umemwagia vumbi ndani. Kama sisimizi wamepita juu ya nyayo, basi mwenyewe alipita kabla sisimizi hawajaamka kwa joto. Kama umande umetoboa matone juu ya vumbi lakini ndani ya nyayo hamna matone, aliyepita amepita baada ya umande. Haya yote yako kwenye eneo la upana wa sahani. Siku ya kwanza nilihesabu, tulikaa kwenye sahani moja kwa dakika 20.

Kanga wenyewe hawahitaji upelelezi mkubwa namna hiyo. Wanachakura kama kuku, wanaacha ardhi imevurugwa, na mahali wanapooga vumbi utakuta vishimo vya mviringo na unyoya mmoja wa madoa. Shida ya kanga ni kwamba anakuona kabla hujamwona, na akikuona haruki. Anakimbia. Unasikia kundi linapiga kelele kama mashine ya kusaga yenye mkanda uliolegea, unanyemelea, unafika, hapana kitu. Kelele ziko mita mia mbele. Unafuata. Mita mia nyingine. Mwanzoni nilidhani wananikimbia. Baadaye nilihisi wananitembeza. Wenyewe mnasema kanga hazai ugenini. Mimi naongeza kwamba hata kufa ugenini hataki.

Siku hiyohiyo, karibu na adhuhuri, kitu kilichomoka kwenye kichaka miguuni pa mzee, kikakata kushoto, kikakata kulia, kisha, kama nsya, wale swala wadogo wa vichakani, walivyo, kikasimama kutazama nyuma. Hatua 20. Niliona pua yake inang'aa unyevu. Sikuinua bunduki, hayumo kwenye leseni, na hata angekuwemo nilikuwa nahangaika na mbung'o. Nilichokitazama ni mkono wa mzee. Mkono wa kushoto ulikuwa umenyooka mbele kidogo, vidole vimekunjika kushika kitu kisichokuwepo, na wa kulia umekaribia shavu. Alikaa hivyo mpaka nsya akaingia vichakani. Kisha akashusha mikono, akakohoa.

"Yule hayumo kwenye karatasi," alisema.

"Hayumo, mzee wangu."

Askari alikuwa akitazama juu mtini, kwa adabu.

Siku ile na siku iliyofuata sikupiga hata risasi moja. Jioni ya pili tulifika chini ya mti mkubwa karibu na mto uliokauka, na jua lilipoanza kuwa jekundu kanga wakaja. Wanapanda kulala mmoja mmoja, kwa kelele nyingi, kila mmoja akigombea tawi lake, na wakishatulia juu pale wanaonekana kama maembe. Zaidi ya 20. Moyo ulinidunda mpaka nikausikia kwenye meno. Nikaingiza risasi mbili, nikafunga bunduki. Mzee akaweka kiganja juu ya mtutu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho akaigusa ile silaha.

"Hapa ndipo pangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa nilikuwa napiga mara moja naokota wanne, watano, na wengine wanadondokea mbali wanakuwa wa fisi. Hiyo ni kazi ya gobore. Wewe una karatasi."

"Lakini jua bado halijazama." Nilikuwa na hoja, na hoja yangu ilikuwa ya kisheria.

"Mlenga jiwe kundini hajui limpataye," akasema, akaondoka kuelekea kambini. Tulimfuata. Nilikasirika usiku kucha. Kwa 15,000 kwa siku, niliwaza, mtu ananizuia kanga 20. Ni kweli, sikukaribia hata kidogo kuelewa kwamba anachokikataa ni chake mwenyewe.

Asubuhi alinipanga. Wakishuka mtini wanafuata njia moja kwenda kunywa na kuchakura, na mwindaji mvivu anakaa pembeni ya njia hiyo kabla hawajaamka. Nilikaa mgongo kwenye kichuguu, baridi inapanda kutoka chini. Marisawa ya bunduki hii, alikuwa ameniambia baba mmoja mjini, hayana maana kupita mita 35 hivi. Baada ya hapo yanatawanyika na kujeruhi tu. Nilikuwa nimechagua kijiti kama mpaka. Kanga wakaja kwa mstari, wakaguna, wa mbele akavuka kijiti, na mimi nikamsubiri aachane na mwenzake. Nilipopiga, bega lilishtuka, masikio yakaimba, na kanga mmoja alikuwa chini akipiga mbawa.

Nilisimama pale. Sikujua kinachofuata. Mzee alikuwa tayari anakimbia, mtu wa miaka 70 na ushei, kisu mkononi, akirukia magogo. Alifika, akainama, akasimama tena pole pole. Alikuwa amechelewa. Ndege alishakufa.

Tulimtazama. Mimi na mzee ni Waislamu, na mzee ana msimamo wake: marisawa yanaua kwa kuponda, asiyewahiwa kuchinjwa haliwi. Nilianza kusema kwamba kuna masheikhe wanaoona vingine, lakini nikajisikia napiga porojo mbele ya maiti. Kanga wangu wa kwanza, wa miezi 11, wa duara la chai, alilala pale na damu kidogo mdomoni.

"Haramu yenu," askari wa Kasulu akasema nyuma yetu, akimwokota kwa miguu, "supu yangu."

Tulicheka, wote watatu, mpaka mzee akajifuta macho. Lakini niliandika. Kanga mmoja, tarehe, saa.

Kuanzia hapo nilijua kazi yangu haimaliziki kwenye mlio. Bunduki inakunjwa, inatolewa ganda, inalazwa, na unakimbia. Wa pili nilimwahi mwenyewe, bismillahi ikiwa imekwama kooni kwa kukosa pumzi. Wa tatu vilevile. Kuchinja kitu ulichokiangusha mwenyewe, chenye joto, macho yake yakikuangalia, sitaki kulipamba. Mikono inafanya. Manyoya yanang'oka kirahisi akiwa bado na joto, na ukimfungua tumbo unakuta kila alichokula asubuhi: mbegu, mchwa, vijiwe. Mzee alizihesabu mbegu akasema walikuwa upande wa mashariki, kwenye mashamba ya zamani, kesho tuanzie huko.

Wa nne ndiye anayenisumbua. Ilikuwa Septemba, safari ya pili, majani mapya mekundu yameanza kutoka ingawa mvua bado. Nilikuwa na koti la rangi ya vumbi na kichwa kimeshavimba kidogo kwa mafanikio. Kijiti changu cha mpaka sikukiweka. Kanga alikuwa mbali, nikamwona mkubwa, nikapiga. Akaanguka, akasimama, bawa moja linaburura, akaingia kwenye kichaka cha miiba mbio.

Tulimtafuta saa mbili na nusu. Damu ilikuwa matone, kisha tone, kisha hakuna. Mzee alitambaa kwa tumbo chini ya miiba ambamo mimi nilishindwa kuingiza kichwa. Yule ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye asali alikuja akatupigia kelele juu ya mti, akaruka mti wa pili, akaita tena, na mzee, ambaye nina hakika hajawahi kumkatalia maishani, hata hakuinua uso. Mwishowe tulikaa chini, tumechanika.

"Basi tena," nikasema. "Bado nina nafasi sita na nusu." Nilikusudia mzaha.

"Umeandika?"

"Nani?"

"Huyo."

Nikamweleza, kwa sauti ya mhasibu, kwamba hatujampata, kwa hiyo hajaingia kwenye hesabu. Kinachoandikwa ni kilichouawa. Askari alikaa kimya akivunja kijiti.

"Huyo ameshakufa," mzee alisema. "Ila hatujui wapi. Mimi nilikuwa nao wengi wa namna hiyo, mhasibu. Mamia. Sikuwa na pa kuwaandika."

Nikatoa leseni kwenye mfuko wa nailoni. Nikaandika.

Usiku ule kambini moto ulikuwa mdogo. Askari alikuwa amelala. Nilikuwa naweka sawa karatasi kwa mwanga wa simu, maana msimu ukiisha leseni hurudishwa ikiwa imejazwa, na mzee akaomba aione. Nikamsomea yote, kuanzia nembo hadi muhuri. Alipitisha kidole juu ya jina langu, akakishusha hadi kwenye mistari minne ya kanga, akakaa kwenye wa mwisho. Kisha akauliza kama anaweza kushika ganda la risasi, kama hilo nalo linahitaji kibali. Nikampa.

Alilileta puani, akafumba macho, akavuta.

"Baruti yenu haina moshi," alisema.

Akavuta tena. Moto ulipasuka, cheche ikaruka. Halafu akalirudisha kiganjani mwangu, akanifunga vidole kimoja kimoja juu yake.

"Hesabu yako hiyo," akasema, akaenda kulala.